Daftari la Pini Lisilo na Kosa

12 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mashuka yako. U mzima? Kifua kimetulia? Kila nikiwasha pasi yangu nakumbuka mvuke wa zile pasi kubwa za hospitali, namwomba Mungu akulinde nao. Sisi huku hatujambo, tunashukuru kwa pumzi. Paa la kibanda cha ushonaji nimeliziba, cherehani kubwa imepata mkanda mpya, na jirani yangu muuza nyama amejaliwa mjukuu, kwa hiyo kelele za mtaa zimeongezeka. Binti yako Pini amerefuka mpaka nimeshusha pindo la sare yake mara mbili. Wembamba ni ule ule tulioupatia jina, na bado anaokota pini zangu sakafuni na kuzipanga kwa rangi za vichwa.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Tukipiga simu wewe unalia, mimi nalia, tunaagana na hakuna lililosemwa. Mambo ya mtoto nataka yakae kwenye karatasi.

Sasa lililonifanya niandike. Karatasi ya maendeleo ya Pini imekuja, na mwenzio sijaielewa. Ile ya zamani unayoijua, "amekuwa wa saba kati ya arobaini na mbili", haipo tena. Hakuna nafasi, hakuna asilimia, hata ule mstari wa "ajitahidi zaidi" uliokuwa unatuumiza matumbo haupo. Kuna namba tu. Ilitakiwa irudi shule na sahihi yangu, kwa hiyo nimekunakilia kabla haijaondoka. Kusoma 1. Kuandika 2. Hesabu 2. Kazi za mikono 4. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo madogo mengi, nikaona ni zile kanuni za kucha na soksi kama za mwaka jana, sikuyasumbukia.

Nimemuuliza mwenyewe: "Pini, hii moja maana yake nini?"

"Sijui, Mama Mkubwa. Mwalimu amesema tusilinganishe."

Tusilinganishe! Sasa mtu atajijuaje? Mimi nimeona hivi: kama kusoma ana moja, basi ni wa kwanza. Moja siku zote ni moja. Ila hiyo nne ya kazi za mikono imeniaibisha. Mtoto amekulia chini ya meza ya kukatia nguo, halafu awe wa nne kwa sindano?

Kazi za nyumbani tunafanya pamoja kibandani kila alasiri, kama nilivyokuwa nafanya na wewe. Daftari lake linang'aa. Unanijua, kazi haitoki kwangu na uzi unaning'inia.

Ni mimi dada yako anayekuombea.


6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, kifua kimepungua kunisumbua. Utaona mwandiko si wangu. Pasi iliniunguza mkono wa kulia, si sana, usiogope, lakini kalamu haishikiki. Ninasema, na mwenzangu wa meza ya pasi anaandika. Yeye ndiye aliyenisomea na ya kwako.

Dada, niliruka. Nilimwambia rudia hapo, akarudia: kusoma, moja. Nikamwambia rudia tena. Wenzangu wa kazini wote wamejua, mpaka yule msimamizi wetu asiyechekaga. Mwanangu wa kwanza kwa kusoma! Mimi, unayenijua, nimezaa wa kwanza kwa kusoma. Niliingia kwenye chumba cha mashuka nikapiga magoti nikashukuru.

Na kuhusu hiyo nne, tafadhali mpunguzie sindano. Sindano ataikuta tu. Namtaka ashike kitabu.

Sasa sikiliza. Hapa karibu na hospitali kuna shule nzuri sana. Msimamizi amenieleza kwamba watoto wa wafanyakazi wanapokelewa, ila mtoto anafanyiwa usaili mwezi wa Agosti. Anakaa mbele ya walimu watatu, anapewa hadithi asiyoijua, anasoma kwa sauti, halafu anaulizwa maswali. Nimepeleka jina lake. Akipita, Pini atakuja kukaa na mimi, nimepata chumba chenye dirisha. Miaka minne nimemlea kwa barua, dada. Inatosha.

Niambie mwalimu wake amesemaje. Na wewe umesemaje.

Mdogo wako.

Nami ninayeandika nakusalimu sana. Huyu mdogo wako hatupi nafasi ya kupumua kwa hiyo "moja" yake.


21 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana na mkono. Paka mafuta na usiuloweshe. Nisamehe kuchelewa, kulikuwa na sare za kwaya, mashati thelathini na mikono yake sitini. Pini anakusalimu. Jino la mbele limetoka, akicheka anaziba mdomo kama bi harusi.

Nilikwenda mkutano wa wazazi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wake ni binti mdogo, mpole, sauti yake inaishia dawati la tatu. Akatueleza kwamba siku hizi mtoto hapimwi siku moja ya mtihani tu. Anapimwa kila siku. Akijibu swali darasani ni kipimo, akisoma kwa sauti dakika moja ni kipimo, akileta kazi kutoka nyumbani ni kipimo, na mwisho wa muhula mtihani upo pale pale. Vyote vinawekwa pamoja.

Muuza nyama akasimama. "Mwalimu, samahani. Mwanangu ni wa ngapi?"

"Hatupangi tena nafasi, mzee. Tunaangalia mtoto amefika wapi yeye mwenyewe."

"Amefika wapi kwenda wapi?"

Watu wakacheka. Hakukaa. "Mimi nina mizani. Ukiniambia kilo nakupa kilo. Sasa karatasi yako inaniambia mtoto anakaribia. Nikimwambia mteja nyama yako inakaribia kilo, si atanipiga?"

Mwalimu naye alicheka, namsifu kwa hilo. Akasema, "Ukimwambia mteja hujui imepungua kiasi gani, atakupiga. Mimi nakwambia imepungua wapi ili tuongeze." Muuza nyama akakaa, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa ananiuliza: "Fundi, wewe umeelewa? Wa kwanza ni nani sasa?" Nikamwambia sijui. Kwa kweli kichwa changu kilikuwa kama kikapu cha nyuzi zilizochanganyika.

Namba nazo alizieleza. Hayo nitakuandikia siku nyingine, karatasi imejaa.

Mkono unaendeleaje? Unaweza kuandika sasa?

Dada yako.


10 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Tumepata mashine mpya ya kukausha, inanguruma kama lori lakini inatusaidia.

Mwenzangu amenisomea barua yako mara tatu, halafu akanionyesha ukurasa. Ameniambia, "Karatasi haijajaa. Hapa chini pana nafasi ya kiganja kizima." Dada, unanificha nini? Mtoto anaumwa? Au hutaki aje? Kama ni hilo sema. Najua umemzoea. Najua anakuita mama, hata kama anaongeza Mkubwa. Sikulaumu kwa kumpenda, lakini nijibu.

Usaili ni tarehe kumi na tano Agosti. Mshonee gauni la bluu, la kola nyeupe, asije akaonekana wa kuokotwa. Nimeshawaambia watu wote kwamba mwanangu anakuja kuwasomea.

Mdogo wako.


2 Julai

Mdogo wangu mpenzi, damu yangu,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Mimi mzima, Pini mzima, hakuna anayeumwa. Tafuta mahali ukae ndipo usomewe hii. Na wewe unayesoma, dada yetu, soma polepole.

Moja si ya kwanza. Nne ndiyo ya juu. Yale maandishi madogo ya nyuma hayakuwa ya soksi. Yanasema nne ni mtoto aliyepita kilichotarajiwa, tatu amefikia, mbili anakaribia, na moja ni mtoto anayehitaji msaada wa karibu sana. Kazi za mikono ndiyo anayoongoza. Kusoma ndiko aliko chini kabisa. Mimi ndiye niliyekwambia moja siku zote ni moja, na siku ile ya mkutano nilijua kwamba nimekudanganya, nikarudi nikaandika habari za muuza nyama. Nilikuwa natubu kila nikisali, na nikiamka nakaa kimya tena.

Sababu ni mbili, na zote nitazisema. Ya kwanza, nilikuona umepiga magoti kwenye mashuka. Ya pili ni mbaya zaidi. Niliwaza kwamba nikinyamaza utamleta mbele ya wale walimu watatu, atashindwa, na atabaki kwangu. Niliwaza hivyo siku moja nzima, nikikata vitambaa. Halafu nikamwona amekaa pale chini ananipangia pini, nikaona haya mpaka nikaacha mkasi.

Bado sijamaliza. Mwalimu aliniita peke yangu. Akaweka mezani madaftari mawili. Moja ni la kazi za nyumbani, lile linalong'aa. Lingine la darasani, sikuwahi kuliona, limejaa maneno yaliyokatika katikati, mistari inayopanda na kushuka.

"Fundi, hawa ni watoto wawili?"

Nikasema ni mmoja.

"Basi nisaidie, maana mimi nimechanganyikiwa. Mwanzo wa mwaka nilisema huyu akiwa nyumbani anajua, darasani ni woga tu. Nikamwacha. Miezi miwili nilimwacha. Halafu nikampa hadithi asiyoijua asome dakika moja, nimeshika saa. Amesoma maneno kumi na moja."

Kumi na moja, mdogo wangu. Mimi nikabisha. Nikasema Pini kitabu chake chote anakisoma, ninamsikia kila alasiri. Mwalimu akamwita. Pini akasoma ukurasa mzima bila kukwama, vizuri kabisa, nikamtazama mwalimu kama kusema unaona? Mwalimu akafunga kitabu. Pini akaendelea kusoma.

Anakumbuka kila nilichomsomea. Mimi nikiweka kidole kwenye mstari, yeye alikuwa anatazama mdomo wangu.

Na hayo ya daftari ni mimi. Alikuwa anaandika mwenyewe, kweli. Lakini asubuhi, akiwa anaoga, nilikuwa nachukua kifutio. Neno likikaa vibaya nalifuta na kuliandika upya kwa mwandiko wake. Sikuona kwamba ni udanganyifu. Nilikuwa nafumua. Kola ikikaa upande utamkabidhi mteja hivyo hivyo? Miaka ishirini na sita sijatoa nguo yenye kosa kibandani kwangu, nikaona daftari nalo ni vile vile, linakwenda kwa watu.

Mwalimu akaniuliza, "Ukimjaribisha mteja nguo kabla ya kuimaliza, ukaona kwapa linabana, unafanyaje?"

"Naweka alama ya chaki."

"Na mtu akija nyuma yako akafuta chaki yote?"

Nikasema, "Huyo nitamfukuza."

Alinitazama tu, halafu akatazama dirishani. Mdogo wangu, nilitamani dawati linimeze.

Nilitoka pale nimeelewa nusu. Nusu nyingine sijaielewa mpaka leo. Kama kazi ya nyumbani ni ya kujaribisha tu, mbona wanaipa namba? Na kama mtihani wa mwisho ndio kukabidhi nguo, mbona wanasema nao utawaonyesha pa kuanzia muhula ujao? Nguo hii inakabidhiwa lini? Nimemuuliza mwalimu, akasema haikabidhiwi, inaendelea kuongezwa. Sijawahi kushona nguo ya namna hiyo.

Sasa Pini anabaki shule dakika arobaini kila Jumanne na Alhamisi na watoto wengine watano. Kifutio nimekitupa kwenye pipa la vipande. Siku ya kwanza nilipomrudishia daftari na makosa yake, alilifungua akatazama, akasema, "Mama Mkubwa, leo hujaliosha?" Alikuwa anajua. Akasema tena, taratibu, "La nyumbani ni lako. La darasani ndio langu."

Mwalimu anasema hana kasoro ya akili wala ya macho, amepimwa. Anahitaji muda, na watu waache kumsemea. Agosti hatakuwa tayari. Ukitaka nimlete, nitamleta, wewe ndiye mama yake, gauni la bluu nimeshalishona. Lakini atakaa mbele ya walimu watatu na hadithi asiyoijua, na mimi sitakuwepo wa kutazamwa mdomo.

Nimeweka kila kitu mezani. Nisamehe. Ukikasirika, nastahili kukasirikiwa. Usinyamaze tu.

Dada yako.


30 Julai

Mdogo wangu,

Sijapata neno kwako wiki nne. Simu yako inaita haipokelewi. Nimewaza labda barua imepotea, halafu nikajua haijapotea. Sisi wazima. Pini amesoma maneno ishirini na manne. Alinionyesha kwa vidole, vikaisha, akaomba vya kwangu, navyo vikaisha. Bado anaandika makosa na mimi nakaa juu ya mikono yangu.

Nishone begi la safari au nisishone? Niambie hilo tu.

Dada yako.


19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua hii naandika mimi. Nimeanza Jumapili. Leo ni Jumanne. Nimekata maneno mengi, utaona.

Mkono wangu haukuungua. Hakuna pasi iliyonigusa. Nilisema uongo kwa sababu sijui kuandika barua, na kusoma nasoma kidogo, kwa kubahatisha. Namba za mashuka najua. Majina ya wodi najua kwa umbo lake. Barua za zamani nilizokutumia waliniandikia wengine, wewe ukadhani mwandiko wangu unabadilika kwa uchovu.

Mwenzangu aliponisomea pale pa kifutio, nilitoka nje. Sikukasirika kwa ajili ya Pini. Nilikukumbuka wewe, dada. Umekaa kitandani kwetu na daftari langu magotini, unafuta na kuandika. Mama anasema, muachie dada yako, ana mwandiko mzuri. Nilipanda madarasa nikiwa mgongoni kwako. Siku ya mtihani wa mwisho ulikuwa umeshaolewa. Nilikaa mbele ya karatasi, nikachora maua pembeni mpaka kengele ikalia. Nyumbani nikasema nimechoka na shule. Hakuna aliyeniuliza.

Sikusemi vibaya. Ulinipenda. Ila nimekaa wiki sita nikitafuta namna ya kukwambia, na kila namna ilihitaji mtu mwingine aandike.

Jina la Pini nililitoa kabla ya siku ya usaili. Msimamizi aliuliza kwa nini. Nikamwambia mwanangu ana moja. Akasema hongera. Ikabidi nimweleze upya, na yeye hakuelewa.

Abaki na wewe na huyo mwalimu wa dakika moja. Akija kwangu sasa, barua za shule nani atamsomea? Nitakuja Desemba mimi. Begi usishone. Gauni avae tu, siku yoyote.

Hapa hospitali kuna darasa la wafanyakazi, baada ya zamu ya mchana. Nimeingia. Tupo tisa. Mwalimu alinipa hadithi nisiyoijua na akashika saa. Nilisoma maneno mangapi, sikwambii na sitakwambia. Amenipa karatasi. Nimesoma mbele na nyuma, mwenyewe, kwa siku mbili.

Nimepata moja. Mwambie Pini tuko sawa, tuone nani atafika mbili kwanza.

Mpe kalamu anijibu yeye. Usikae karibu. Makosa yote yaje kama yalivyo, nami nitayasoma moja moja.

Nijibuni upesi.

Mdogo wako, kwa mkono wangu.